Soko la Usiku la Kolombo na Kikapu cha Mama Okelo

Kadzo, mama,

Nakuandikia badala ya kusema, kwa sababu kesho tukifika stesheni ya Changamwe nitakuwa bubu, nami najijua. Nitabeba sanduku lako, nitagombana na watu wa mizigo, nitauliza mara tatu kama gari la moshi limechelewa, na neno lenyewe sitalitoa. Basi na liwe hapa. Usiifungue karatasi hii mpaka mmepita Mazeras.

Mambo ya kupanga nyumba, ya kuamka mapema, ya kukaa na mume, hayo mama yako na shangazi zako wamekujaza mpaka yamefurika. Mimi siongezi. Nataka kukueleza uongo wangu. Ninao mmoja mkubwa, umeusikia tangu nirudi vitani, na umeucheka mara nyingi. Ni ile hadithi ya mwanamke wa Kolombo.

Unaijua. Kila Krismasi wajomba zako wakikaa uani, mmoja atasema, "Hebu tupe ya Kolombo," nami naanza bila kubembelezwa. Kwamba niliingia soko la usiku na kofia yangu ya kiaskari, na mwanamke mzuri muuza vibibi aliponiona akaacha wateja wake wote, akanilisha kwa mkono wake, soko zima likanyamaza kwa wivu. Wanacheka, mama yako ananirushia kitambaa cha jikoni, kata ya tembo inazunguka tena.

Soko kweli lilinyamaza. Hayo mengine nilijitungia.

Aliyeujua ukweli ni Mwero wa Chaani peke yake, rafiki yangu tuliyeandikishwa naye siku moja, naye alibaki Burma. Mimi nikarudi bila shahidi, nikasema nilivyotaka. Mwero angekuwa hai, nisingethubutu hata kufungua mdomo. Namkumbuka sana usiku huu, maskini, na mdomo wake ule usionyamaza.

Sikiliza sasa ilivyokuwa.

Tulikuwa Seloni, kisiwa chenye mji huo wa Kolombo, miezi kadhaa kabla ya kupelekwa mbele. Chakula cha kambini kilikuwa nyama ya mkebe na biskuti ngumu, asubuhi hivyo, jioni hivyo. Jumamosi moja tukapewa ruhusa ya kwenda mjini hadi saa nne za usiku. Wenzetu walikwenda sinema. Mwero akaniambia, "Mimi nafuata pua yangu." Nikamfuata, na pua yake ikatufikisha kwenye soko lile.

Sijui nikuelezeje ukaona. Taa za mafuta zimetundikwa kila meza, moshi, na watu wanakula wima huku wanasukumana. Kila hatua ilikuwa na kitu ambacho sijapata kukiona, na ajabu ni kwamba nusu ya kila kitu nilikifahamu. Nazi, mchele, pilipili, dengu, samaki: vitu vyetu vilevile, ila vimekwenda njia nyingine kabisa. Unga wa mchele na nazi unapikwa kwa mvuke ndani ya mwanzi, halafu unasukumwa kwa kijiti unatoka mrefu mzima. Kamba wazima, na macho yao na masharubu yao, wamegandishwa juu ya bajia na kutumbukizwa kwenye mafuta. Samaki aliyekaushwa mpaka akawa ubao. Mtu anamparuza kwa kisu juu ya wali. Mwero alikula kila kitu. Tukapewa maziwa ya mgando ndani ya chungu, yamemiminiwa asali nyeusi iliyopikwa kwa utomvu wa mti, na tulipoambiwa ni ya nyati, Mwero akasimamisha kijiko hewani. "Nyati? Ni nani huyo aliyekubali kwenda kumkamua nyati?" Kisha akala mpaka akakwangua chungu. Palikuwa na tunda lenye miiba, limepasuliwa, linanuka mpaka machozi. Akaliinamia, akauliza, "Hili marehemu limefariki lini?" Akalila nalo. Alikula akiwa amefumba macho, akasema ni tamu, nisimcheke.

Mimi nilikuwa naonja pembeni tu. Nataka ulijue hilo. Mwero ndiye aliyekuwa mtu wa kula, mimi nilikuwa mtu wa kutazama na kusema "aa, hicho basi."

Mwisho tukafika kwa mama mmoja aliyekaa chini mbele ya meko manne madogo. Si msichana mzuri wa kwenye hadithi yangu. Alikuwa mtu mzima, rika la bibi yako unayeitwa jina lake, mwembamba, mikono yote ina makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Alikuwa na vikaango vidogo vya mviringo, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, vile mama yako anavyoupalia mkate wa kumimina. Anamimina uji wa mchele, anazungusha kikaango mara moja tu, uji unapanda kandokando. Anafunika. Anahesabu kwa midomo. Akifunua, pana kibakuli cha mkate, kingo zake nyembamba na kavu, katikati laini. Alikuwa akiviendesha vikaango vyote vinne bila kuvitazama huku anazungumza na wateja. Nilisimama nikamstaajabia. Nimewaona wagema hodari, nimewaona mafundi wa reli, na yule mama ndiye mtu mwenye mikono bora niliyepata kumwona akifanya kazi.

Akanipa kimoja juu ya jani, na pembeni nazi iliyopondwa na pilipili. Nikakileta puani. Kadzo, kilikuwa kinanuka tembo! Nilikuja kujua baadaye kwamba uji wao huumuliwa kwa tembo la mnazi. Wakati ule nilichojua ni kwamba harufu ya uani kwangu imenijia usoni, maelfu ya maili kutoka Changamwe, na mkono wangu ukafanya jambo bila kuniuliza.

Umekua mbele ya kata yangu. Umeniona kila asubuhi nikishuka mtini, watu wanangoja, na kabla sijampa mtu yeyote najimiminia mimi kwanza, nakunywa mbele yao, ndipo nampa. Babu yako alifanya hivyo. Mtoaji hutangulia, watu waone kwamba hapana ubaya ndani. Asiyetangulia hanyweshi mtu, na anayekunywa bila kuona mtoaji ametangulia ataitwa mjinga na mkewe. Hilo halikuwa wazo kichwani mwangu, lilikuwa mkononi. Basi nikamega kipande cha ule mkate, nikakinyoosha hadi mdomoni mwa yule mama, nikamwambia kwa Kiswahili, "Tangulia wewe."

Hapo ndipo soko liliponyamaza.

Mwanamume mmoja nyuma yake, mwanawe nadhani, alisimama na panga la kupasulia madafu. Mwero akanong'ona, "Umefanya nini, ndugu yangu?" Nami mkono uko palepale hewani, sijui niurudishe au niuache. Ndipo nikasikia sauti ikisema Kiswahili, tena Kiswahili cha Mombasa: "Ewe askari! Watoka wapi wewe?" Alikuwa Bohora mzee, Mhindi mwenye duka la vitambaa hapo mbele, aliyewahi kukaa kwetu miaka mingi.

Nikamjibu, "Mombasa. Changamwe."

"Wallahi? Basi teremsha mkono huo kabla hujatuaibisha sote."

Akanieleza haraka haraka. Kwamba kwao chakula kikiguswa na mdomo wa mtu, mwingine hakili tena, ni uchafu. Kwamba mwanamume hamlishi mwanamke mbele za watu ila bwana harusi siku ya harusi yake. Nami nimemfanyia hivyo mama mtu mzima, mpishi, mbele ya wateja wake na mwanawe. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu vya serikali. Nikamwomba amweleze kwamba sikukusudia utani wala ubaya, ni desturi yetu tu, atoaye huonja kwanza, kwa ajili ya sumu.

Bohora akatafsiri. Yule mama akasikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto mwenye homa, akauliza swali moja, na Bohora akanigeuzia: "Auliza, ni nani aliyewahi kukupa sumu?"

Nikafungua mdomo nitaje mtu. Nilitafuta, mama. Nilimtafuta jirani, nilimtafuta mke wa pili wa babu yako tuliyekuwa tukimsema sana, nilitafuta tangu Jomvu mpaka Rabai. Hakuna hata mmoja. Miaka thelathini na kitu ya maisha yangu nimelishwa na watu, na hakuna aliyewahi kunidhuru kwa chakula.

Nikasema, "Hakuna."

Yule mama akakitwaa kile kipande mkononi mwangu kwa vidole vyake. Akakila. Mbele ya mwanawe, mbele ya wateja wake waliojua kwamba hayo hayafanywi, alikila kwa utulivu, akatwaa na mkate uliobaki kwenye jani, akaumaliza wote, kwa sababu sasa haungefaa kwa mtu mwingine. Halafu akanawa mikono, akapangusa kikaango, akanipikia mwingine. Akanipa. Akakunja mikono akangoja.

Nikala, Kadzo. Mbele yake, mpaka nikalamba jani. Sijala kitu kitamu hivyo kabla wala baadaye, na sithubutu kumwambia mama yako. Pilipili ilinitoa machozi, na mengine hayakuwa ya pilipili. Mwero alisema njia nzima kurudi kambini, "Leo umelelewa upya, bwana." Nami nikacheka, lakini nilijua amesema kweli. Yule mama alikuwa na haki ya kunifukuza. Akachagua kuvunja desturi yake ili mgeni mwoga ale, na hakunidai hata kuomba radhi. Nilirudi kitandani nikaapa kwamba sitasahau.

Nikasahau. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Unakumbuka siku mama yake Okelo alipokuja. Najua unakumbuka, ulikuwa umesimama mlangoni na kanga yako mpya. Mwanamke ametoka Kisumu, siku mbili kwenye gari la moshi, kuja kuwaona watu ambao mwanawe, fundi wa reli, anataka kuoa kwao. Akakataa kupikiwa. Akaingia jikoni kwetu mwenyewe, akatusongea ugali wa mtama, akaufungua mzigo wake akatoa kikapu cha kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, akaviweka vyote mbele yangu. Kisha akakaa kando, macho chini.

Nami nikangoja atangulie.

Alikuwa anangoja nile, mimi nangoja aonje. Ugali ukapoa mbele yetu. Okelo alinieleza baadaye kwamba kwao mama wa kijana hatii chakula mdomoni mbele ya wakwe zake, ni aibu kubwa, angewezaje kuonja? Laiti ningengoja kimya tu. Lakini mimi, mtu wa dunia, mtu aliyefika Seloni, nikaisukuma sahani kwake na kusema kwa sauti, "Onja wewe kwanza, mama." Nikamwona Okelo anavyotafuta njia ya kulitafsiri neno hilo liwe jingine, akakosa. Aliposikia alijua maana yake moja tu: kwamba mimi, baba yako, nimemwita mchawi ndani ya nyumba yangu.

Akasimama, akafunga leso yake, akatoka. Kikapu cha kumbikumbi kikabaki. Na mimi badala ya kumkimbilia, nikakaa. Nilinuna siku nne. Nikasema mbele yenu kwamba watu wasiojua desturi wasituletee wadudu kwenye sahani. Uchumba wako ulikuwa unakatika, nawe huli wala husemi, nami nasema habari za wadudu. Niliwaona Waseloni wakila vitu vya ajabu na nikawasimulia kwa furaha miaka yote hii, lakini vilipokuja mezani kwangu mwenyewe, kwa mkono wa mtu aliyetaka kuwa ndugu yangu, nikavikunjia uso.

Sasa nifikie lililonifanya nikae na karatasi hii. Okelo ameniambia juzi tu. Kumbe siku ya pili, ulipomwambia mama yako unakwenda kanisani kufanya usafi, ulikwenda kwenye nyumba za reli alikofikia yule mama. Ulimsalimu, ukakaa sakafuni. Hukuleta maneno ya kunitetea. Ulisema una njaa. Akakuwekea chakula, nawe ukanawa, ukala. Hukungoja mtu. Okelo anasema mama yake alikutazama ukila mpaka mwisho, ndipo akalia.

Nani alikufundisha? Si mimi. Mimi nilikufundisha kungoja. Hujapata kuiona Kolombo, hujapita hata Mariakani, na uliyatenda uliyoyatenda kama yule mama wa makovu. Nilipoambiwa nilitoka nikaenda kusimama kwenye minazi, nikajifanya naangalia vibuyu. Najivunia wewe, Kadzo. Nakusifu kwa wagema wenzangu mpaka wananikwepa. Kwako nilikuwa sijasema, basi nimesema.

Mama Okelo alipoondoka aliacha ujumbe, na Okelo, kijana wa watu, aliupunguza makali lakini niliujua. "Msichana ni wangu tayari. Baba yake akae na mnazi wake, salamu zake sizitaki." Nilistahili. Kinachoniuma ni kwamba wewe ndiye utakayeishi na neno hilo. Mimi nitabaki hapa Magongo napanda na kushuka. Wewe ndiye utakayekaa jikoni kwa mavyaa anayejua kwamba baba yako alimdhania ubaya. Kila utakapompelekea maji atamkumbuka mtu yule aliyesukuma sahani.

Nimefikiri sana juu ya desturi yetu. Siitupi. Kesho alfajiri nitatangulia kunywa kama kawaida. Ila naona sasa nilikuwa nimeishika kichwa chini. Kuonja kwanza ni kitu anachotoa mwenye kutoa, kwa hiari yake, kumtuliza mgeni. Mgeni akikidai, tayari amekwisha mhukumu mwenzake. Babu yako hakunieleza hivyo, labda aliona ni wazi mno.

Basi leo mlipokwisha lala nimekishusha kile kikapu. Mama yako alikuwa amekitundika juu ya mafiga, moshi umekitunza. Alisema hana mkono wa kukitupa, naye alijua alilokuwa akifanya. Nikafungua kitambaa. Walikuwa wakavu, wazuri, kama alivyowaleta. Nikanawa mikono. Nikakaa mezani peke yangu, hakuna aliyenitangulia, hakuna aliyeniona.

Wana mafuta, Kadzo. Wana utamu wa korosho iliyobanikwa, halafu chumvi inakuja nyuma. Mwero angewamaliza kwa kiganja kimoja na kuuliza kama wako wengine. Wa kwanza nilimmeza haraka nisimwone. Wa pili nikamtafuna. Baada ya hapo sikuhesabu. Mama yako aliamka akanikuta nachovya kidole kwenye chumvi iliyobaki chini ya kikapu, akasimama mlangoni akaniangalia, akarudi kulala. Mwanamke huyu ananijua.

Kikapu ni cha mwenyewe, lazima kirudi kwake, na hatukirudishi kitupu. Nimekijaza korosho za mti wetu wa nyuma nilizozibanika jana. Nimezionja kwanza, kwa kuwa sasa ni mimi ninayetoa. Kiko juu ya sanduku lako, nimekifunga kwa kitambaa chake kilekile. Mpe mkononi. Usimweleze habari za Seloni wala za desturi za wagema, hayo ni marefu na yatakuwa visingizio. Mwambie tu kwamba kumbikumbi wake baba aliwala wote, usiku, peke yake, bila kumngoja mtu.

Halafu mpe salamu zangu. Akizipokea, niandikie neno moja, nitalisoma kwa wajomba zako Krismasi badala ya ule uongo. Akizikataa, usinitetee. Kaa naye chini, unawe, ule.

Baba yako
Magongo, Changamwe